Kamera yaona, mama haoni



Wapo wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam, Mbeya na Makambako ambao nyumba inayowasumbua mawazoni siyo ile wanayolala, bali ile waliyowajengea wazazi wao kijijini. Juma hili na tuitazame nyumba moja ya namna hiyo. Tuseme iko Lugarawa, wilayani Ludewa, katika mkoa wa Njombe. Mwana ameezeka bati, ametia madirisha ya vioo, na mwisho amenunua kifaa ambacho siku hizi kimeenea sana: kamera ya ulinzi iliyounganishwa na taa kubwa ya nje, ambayo huwaka yenyewe mtu apitapo uani. Picha anaiona katika simu yake akiwa huko huko mjini. Kisha jioni moja mama anampigia: "Mwanangu, ile taa yako haiwaki tena." Mwana anafungua simu, anauona uwanja wote, mti, choo, hata mbuzi aliyefungwa ukutani. Anamjibu mama kwamba kifaa ni kizima, asiwe na wasiwasi.

Wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Kamera hizi zina vijitaa vyake vinavyotoa miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni lakini jicho la kamera linaiona. Ndiyo sababu picha ya usiku huwa ya kijivu. Mwana anaona kila kitu, ilhali mama aendaye chooni saa nane za usiku, katika baridi ya mwezi wa saba, anapapasa gizani asijue alipoliacha jiwe wala aliposimama mtu. Kamera ni ya mwana. Taa ni ya mama. Anayekagua kwa kutazama simu pekee amekagua haki yake mwenyewe na kuisahau ya mzazi.

Hata hivyo picha hiyo yaweza kutoa ushahidi. Aghalabu taa inapowaka, picha hugeuka kutoka kijivu ikawa ya rangi. Basi mwombe mama, au mjukuu anayeishi naye, apite uani huku wewe ukitazama. Picha ikibaki kijivu, taa haikuwaka. Na kama picha yenyewe haipo kabisa, usianze kuilaumu taa: uliza kwanza kama nyumba ina umeme, au kama uniti za LUKU zimekwisha. Umeme ukiwapo na picha haipo, huenda ni mtandao wa simu tu.

Tukichukua kwamba picha ipo na taa haipo, jambo la kwanza halihitaji fundi wala ngazi. Katika programu ya simu mna sehemu ya kuiwasha taa kwa mkono. Iguse. Taa ikiwaka, shukuru, kwa kuwa taa yenyewe, waya na umeme vyote ni vizima. Kosa ni la maagizo au la kile kihisio kinachotambua mtu. Angalia kama saa za kuwaka zimebadilishwa. Baada ya umeme kukatika, baadhi ya vifaa hupoteza saa, vikafuata usiku wa nchi nyingine. Angalia pia kama mmoja wa watoto aliyepewa nywila hakuizima taa kwa kuchoshwa na taarifa zinazolia kila paka apitapo. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Kihisio nacho kina tabia zake. Hakimwoni mtu kama tumwonavyo; kinahisi tofauti ya joto kati ya mwili unaotembea na vitu vilivyouzunguka. Kwa hiyo baridi ya Lugarawa inakisaidia kuliko joto la Dar es Salaam, ambako jioni ukuta una joto karibu sawa na la mtu. Lakini mtu aliyejifunika blanketi zito toka kichwani hadi magotini humpita kwa urahisi zaidi, kwani joto lake limefichwa. Humtambua vizuri zaidi yule anayekatiza mbele yake kuliko anayemjia moja kwa moja. Halafu kuna utando wa buibui, vumbi, na chokaa iliyomrukia fundi rangi mkononi ikatua pale kwenye kioo. Vile vile ipo jicho ndogo inayopima mwanga ili taa isiwake mchana. Ukifunga balbu mpya ya baraza karibu nayo, jicho hilo litadhani jua halijatua, na taa kubwa haitawaka usiku kucha. Izimeni balbu ya baraza kwa dakika chache, mjaribu.

Sasa tuseme umeigusa programu na taa haikuwaka. Hapo tunaingia katika mambo ya umeme, na hapo ndipo safu hii inapomsihi msomaji asimwambie mama, wala mdogo wake wa shule, apande ngazi ya miti na "kutikisa tikisa waya" huku wewe ukitoa maelekezo kwenye simu. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, nao unaua. Wala kuzima swichi ya ukutani hakutoshi: fundi mzembe huenda aliipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu, na taa iliyozimwa ikawa bado ina umeme ndani. Swichi kuu ndiyo izimwe, kisha fundi mwenye leseni ya EWURA apime kwa testa kabla hajagusa. Nauli ya fundi kutoka Njombe mjini ni ghali, lakini haifanani na gharama ya mazishi.

Akifika, mweleze mlichokwisha kuona, asije akaanza kwa kubadilisha kifaa kizima. Kamera hula umeme kidogo sana, wati tatu au nne tu. Taa hula mara tano au zaidi. Kiungo cha waya kilicholegea au kilichoota kutu chaweza kupitisha umeme wa kuitosha kamera, kikashindwa kuibeba taa. Ulizeni pia taa huzimika saa ngapi. Kama hufifia wakati mashine ya kusaga inapoanza kunguruma, au saa za jioni peke yake, basi umeme unafika nyumbani ukiwa umechoka. Mwaka 2018 ulipokamilika mstari wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, vijiji vingi vya huku vilianza kupata umeme wa gridi. Lakini nyumba iliyo mwisho wa waya mrefu na mwembamba haina nguvu sawa na iliyo jirani na transfoma.

Maji ni adui mwingine. Huku mvua huanza kama mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa tano, na ukungu hauna msimu wa kupumzika. Mkiona jasho ndani ya kioo cha taa, maji yamekwisha kuingia. Waya uingie kwa chini, na kabla ya kuingia upinde kidogo kama kiwiko, ili tone lidondoke nje badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Wenye kutumia jua wana hesabu yao. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 10 hula wati-saa 200. Kamera ya wati 4 hula 40. Jumla ni 240, na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 ina hizo hizo 240, basi. Ukiamuru taa iwake usiku kucha, unaikamua betri hadi tone la mwisho, na betri ya asidi haidumu kwa namna hiyo. Vifaa vingi vya betri vimeundwa viizime taa kwanza ili kamera iendelee kuona. Yaani kifaa chenyewe kimekwisha kuchagua kati ya mwana na mama. Rudisheni taa kwenye kuwaka mtu apitapo tu, mfute kioo cha jua, na mhakikishe kinaelekea kaskazini bila kivuli cha mti.

Ikiwa yote haya yamepimwa na taa bado imekufa, yaelekea kile kisanduku cha ndani, ambacho mafundi hukiita drayva, kimeungua kwa joto au kwa radi. Taa nyingi za aina hii zimefungwa gundi, hazina balbu ya kubadilisha, na muuzaji atakushauri ununue nyingine nzima. Mimi sikushauri hivyo. Iache kamera ifanye kazi yake, kisha funga taa ya kawaida ya nje, ya bei nafuu, yenye balbu inayopatikana katika duka lolote la Makambako. Ipewe waya wake na swichi yake ya mkono. Swichi hiyo iwekwe chumbani, pale ambapo mkono wa mama hufika akiwa bado amekaa kitandani, na taa ielekezwe kwenye njia ya kwenda chooni, siyo langoni.