Tai tunaijua, 116 je?

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Kabla ya kwenda fildi tunapewa na semina, ambayo nusu yake ni tai na urefu wa sketi. Sawa. Lakini binti wa darasa la sita akikufuata baada ya kipindi akakwambia, "Mwalimu, shule zikifungwa naogopa kurudi nyumbani," utafanya nini? Kiukweli wengi wetu tungempa pole, kisha tukampigia baba yake. Hapo kwa baba ndipo pabaya. Mtoto anaweza kukeketwa kabla hata shule hazijafungwa.

Kule Tarime na Serengeti ukeketaji una msimu wake: Desemba, hasa ya miaka ya shufwa. Kwa hiyo mwalimu ana nafasi ambayo polisi hawana, anakaa na watoto mpaka siku ya kufunga. Amsikilize anayesema ndugu wanakuja kumfanyia sherehe ya kuwa mkubwa, au mchangamfu aliyenyamaza ghafla Novemba. Januari amwangalie aliyechelewa kurudi, anayekaa kwa shida, anayetumia muda mrefu chooni.

Na si Mara tu. Singida na Dodoma wapo wanaokeketa vichanga wakidai wanatibu lawalawa, wakati yale ni maambukizi yanayotibika kwa dawa hospitalini. Huko darasani hutaona kitu, pengine utasikia mtaani.

Ukisikia, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Wanaokimbia hupokelewa nyumba salama, kama zile za Masanga na Mugumu. Huna haja ya ushahidi kamili, kuchunguza si kazi yako. Wapo watakaokwambia uwaachie watu mila yao. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 169A, tangu 1998 inasema anayemlea mtoto wa chini ya miaka 18 akisababisha akeketwe, kifungo ni miaka 5 hadi 15.

Halafu kuna wenzetu hapa hapa chuoni ambao walishafanyiwa. Wana haki ya kumwona daktari na mshauri nasaha bila kuulizwa maswali ya umbea, na yale matani ya bwenini tuyaache.

Ombi langu kwa kitivo ni dogo: kwenye semina ya mwaka huu mtuletee afisa ustawi wa jamii, hata kwa saa mbili.