Makosa Gani?

Juzi hapa Nyahanga nilipeleka hadithi yangu steshenari kuprinti. Ukurasa mzima mistari myekundu. "Mzee, makosa mengi," kijana akaniambia. Makosa gani? Kompyuta ilikuwa inakagua Kiingereza!

Na msiniambie Kiswahili hakina programu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, bure, kwa Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ni bure pia na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Sisi waandishi, eti walinzi wa lugha, tunalipia Word ya wizi, halafu tunazima ukaguzi.

Nimemwekea kijana LibreOffice. Mistari imebaki michache. Mingi ni makosa yangu kweli. Mmoja uko chini ya neno la Kisukuma, na hilo silibadilishi.