Mtoto kapata leseni, nani atamfundisha barabara?

Leseni ikiingia nyumbani, kijana hubadilishiwa kazi siku hiyo hiyo. Jana alikuwa wa kutumwa dukani, leo ni dereva wa ukoo. Shangazi ameshuka stendi ya Bweri na magunia mawili, akafuatwe. Bibi ana kliniki ya presha, apelekwe. Simu ikilia saa tatu usiku kwamba kuna msiba Butiama, watu saba wanajibana ndani ya gari la watu watano na usukani anapewa yeye. Akisitasita anaulizwa: si una leseni wewe?

Wazazi wenzangu, wiki hii tuzungumze kuhusu swali hilo, maana linaponza watoto wetu.

Sina ugomvi na leseni yenyewe. Kijana kaipata kwa jasho: shule ya udereva, leseni ya kujifunzia, bango la L, kisha mtihani mbele ya trafiki. Lakini tujiulize amejifunza nini hasa. Amejifunza kuondoa gari bila kulizima, kubadili gia, kurudi nyuma, kusoma alama, na kuzunguka mitaa ya mji mchana kweupe, mwalimu akiwa pembeni. Usiku hakufundishwa. Mvua, kama haikunyesha wiki hizo, hakuiona. Kulipita lori refu kwenye barabara kuu hakujawahi kumpata.

Dereva wa basi anadaiwa zaidi. Yeye hupanda daraja kwa daraja na husomea kubeba abiria, katika vyuo kama NIT kule Dar es Salaam au VETA. Mwenye daraja D, yaani gari dogo la nyumbani, hana ngazi ya kati. Aliyekabidhiwa leseni asubuhi anaruhusiwa kuondoka Musoma jioni, gari limejaa, hadi Mwanza au Sirari, sawasawa na aliyeendesha miaka 20. Ngazi hiyo ya kati imeachwa kwa mzazi, na wengi wetu hatujui kwamba tumeachiwa.

Wapo walioijenga ngazi hiyo kisheria. New Zealand ilianza mwaka 1987: dereva mpya haruhusiwi kuendesha peke yake kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, wala kubeba abiria bila dereva mzoefu kando yake, mpaka muda wake wa majaribio uishe. Katika jimbo la New South Wales, Australia, kijana wa chini ya miaka 25 anatakiwa kutimiza saa 120 za mazoezi kabla ya mtihani, 20 kati ya hizo usiku, na kwa kawaida anayekaa pembeni na kujaza daftari ni baba au mama. Uingereza tangu 1995 ina kozi ya hiari iitwayo Pass Plus kwa waliokwisha kufaulu: angalau saa 6 za mjini, vijijini, usiku, hali mbaya ya hewa na barabara kuu za mwendo kasi.

Tazama walichokizuia watu wa New Zealand: usiku na gari lililojaa. Sasa rudi kwenye ule msiba wa saa tatu usiku. Tunamtwisha kijana mambo yote mawili kwa pamoja, na haraka juu yake.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hapa kwetu hatuhitaji kuhubiriwa. Watu wa Mara hawajasahau Septemba 2014 pale Sabasaba, mabasi mawili na gari dogo, watu zaidi ya 30. Ile haikuwa ajali ya dereva mwanagenzi. Naitaja kwa sababu ndiyo barabara tunayomtuma mtoto, na ndiyo aina ya magari atakayokutana nayo.

Basi tufanyeje? Kaa naye. Ukiwa na leseni na uzoefu wako, kiti cha pembeni ni chako kwa miezi kadhaa. Saa 120 ni nyingi, lakini safari mbili za saa moja kila wiki zinakupa zaidi ya saa 50 kwa miezi sita, na safari zenyewe ni zile ambazo mngezifanya tu: sokoni, kanisani au msikitini, shambani.

Anzieni mjini. Musoma kuna Barabara ya Mukendo na Nyasho, ambako bodaboda hutokea kushoto, kulia, na saa nyingine mbele yako akiwa anakutazama. Mwambie kijana ataje kwa sauti kila anachokiona: mama na mtoto wanataka kuvuka, bodaboda inatoka, mlango wa gari unafunguka. Asichokitaja hajakiona. Ni mazoezi ya kuchekesha kidogo siku ya kwanza, lakini baada ya wiki mbili utasikia anataja mambo hata wewe hukuyaona.

Mji ukimzoea, tokeni. Kutoka Musoma hadi Makutano, kisha Kiabakari hadi Bunda, hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote, nalo ni kulipita gari lililo mbele. Shule haikumfundisha lugha ya malori. Dereva wa semitrela akiwasha indiketa ya kushoto huku akiendelea na safari, mara nyingi anamaanisha pita, mbele ni peupe. Ya kulia anamaanisha usithubutu, kuna gari linakuja. Lakini indiketa ya kulia vilevile ni ya mtu anayekata kona kulia, na ya kushoto ni ya mtu anayetaka kuegesha. Mfundishe mwanao lugha hiyo aielewe, kisha mwambie asiiamini kwa asilimia mia. Apite kwa macho yake mwenyewe. Kama hajaona lami tupu ya kutosha mbele, abaki nyuma, hata kama nyuma yake kuna mchomoko unapiga honi kama harusi. Na lililo mbele yake likichomoka kupita, asilifuate mkiani. Nafasi ilikuwa ya gari moja.

(Lugha ya kuwashiana taa kwamba kuna trafiki mbele, hiyo usihangaike. Atafundishwa bure na wengi.)

Akiwa kwenye lami hiyo hiyo ajizoeze kupunguza mwendo hadi 50 anapoingia penye makazi, hata kama hakuna tochi. Ng'ombe wanaovuka na mchungaji mdogo nyuma yao hawasikii honi, wanaona tu kasi yako. Jioni, mkirudi Musoma kutoka Makutano, jua la machweo linakuja usoni, na mwenda kwa miguu hapotei polepole, anapotea ghafla. Bunda kwenda Lamadi kuna Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inafika hadi barabarani. Nyani mmoja akivuka, wengine wanakuja. Asimtazame aliyekwisha kuvuka.

Barabara za vumbi zina mtihani wake. Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa, gari dogo linakuwa kama sabuni. Na hapa nawaonya hasa akina baba. Kuna kishawishi cha kumfundisha kijana ujanja: namna ya kuliachia gari likateleza, ukalirudisha kwa usukani. Norway walilijaribu hilo kwa nchi nzima. Mwaka 1979 waliweka mafunzo ya lazima ya kuendesha usiku na kwenye utelezi kwa madereva wapya. Watafiti walipokuja kupima, vijana wa kiume waliopitia mafunzo ya utelezi walikuwa wamepata ajali nyingi zaidi kwenye utelezi. Walitoka pale wakiamini wanaweza, wakaongeza mwendo. Kwa hiyo siku ya tope mfundishe mwanao kugeuza gari na kurudi, au kuegesha kwa watu na kusubiri. Akijua kusema leo hatupiti, amefuzu.

Usiku muuache mwisho, na uuanze ukiwa kando yake. Aendeshe kwa mwendo ambao anaweza kusimama ndani ya sehemu ambayo taa zake zinaangaza, kwa maana baiskeli isiyo na taa na mkokoteni wa ng'ombe havitamsubiri avione. Gari la mbele likimmulika kwa taa kubwa, apunguze mwendo na atazame ukingo wa kushoto wa barabara, asishindane naye kwa kumrudishia. Kijana aonyeshwe pia kubadili tairi kwa mikono yake mwenyewe, mchana, nyumbani, kabla haijampasukia gizani. Nimewaona wenye leseni wasiojua jeki inakaa wapi.

Jambo jingine ni sisi wenyewe. Mzazi mwenye kufoka asikae kiti kile. Amwachie mjomba mwenye subira. Kelele zinamfanya dereva mpya akutazame wewe badala ya barabara. Na kama baba anaendesha huku simu iko sikioni, darasa la kijana lilikwisha kufanyika miaka kumi iliyopita, yeye akiwa kiti cha nyuma.

Mama mmoja wa Bunda ameniandikia. Mwanaye wa miaka 20 ana leseni ya miezi mitatu, na baba yake anataka amtume Mwanza peke yake akachukue mzigo wa duka. Mama anasita, baba anasema yeye katika umri huo alikwisha kuendesha Fuso. Mama, namheshimu baba, lakini barabara aliyoizoea wakati ule haikuwa na bodaboda hizi. Asiende peke yake bado. Waende wawili, mara mbili au tatu: kijana aendeshe Bunda hadi Magu, baba aingie nalo mjini, safari inayofuata wabadilishane. Nauli ya siku mbili tatu za duka kufungwa ni ndogo. Siku atakapokwenda mwenyewe, aondoke asubuhi, na mzigo usiofika leo ufike kesho. Akiwa na ahadi ya kurudi kabla ya giza huku mzigo umechelewa kupakiwa, hapo ndipo kijana anapoanza kupita malori penye kona.

Wasichana nao wana tatizo lao, la kinyume. Binti anapata leseni, tunampongeza, kisha funguo anapewa kaka yake. Mwaka unapita hajagusa usukani. Siku baba anaugua usiku, kaka hayupo, ndipo tunakumbuka kwamba naye ana leseni. Huyo hajazembea, hatukumpa nafasi. Ratiba ya saa mbili kwa wiki ni yake pia, na kama mama hana leseni ya kukaa pembeni, mtafuteni dereva mzoefu mnayemwamini au mlipeni mwalimu saa chache za ziada. Hapa Musoma VETA wapo, na shule za binafsi zipo. Waambieni wazi kwamba hamtaki tena alama na kupaki, mnataka barabara kuu na usiku.

Kabla hamjaanza, chukua karatasi ya bima uisome. Bima ndogo hulipa madhara ya mtu wa nje, gari lako linabaki lako na hasara yake. Mwenye bima kubwa aulize kampuni yake kama dereva mpya amo ndani ya mkataba. Maswali haya huulizwa sana baada ya ajali.

Kisha wekeni makubaliano nyumbani, wote mkiwapo, shangazi na wajomba wakijua pia. Mwaka huu kijana hatumwi usiku bila mtu mzima mzoefu. Habebi zaidi ya idadi ya mikanda iliyomo ndani ya gari, hata kama ni msiba. Wengine wapande michomoko. Na akikwama popote, amechoka, mvua imezidi, au rafiki zake wamemshawishi aende asikotaka, apige simu, alale alipo au aliache gari penye watu. Nauli ya kumrudisha itumwe usiku huo huo, maswali yangoje asubuhi.