Vyumba Vipo, Njia Hakuna

Ngalawa kwa Kikomoro ni galawa. Msomaji wa Tanga au wa Pate hahitaji mkalimani hapo. Hilo ndilo jina lililopewa hoteli kubwa ya ufukweni iliyojengwa kaskazini ya kisiwa cha Ngazija, karibu na mji wa Mitsamiouli, mwishoni mwa miaka ya 1980. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa ikiwa safarini kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuo wa hoteli hiyo. Walikuwamo watu 175. Walifariki 125, mmoja wao Mohamed Amin, mpigapicha mashuhuri wa Kenya. Waokoaji wa kwanza walikuwa wavuvi na wanakijiji kwa vyombo vyao, pamoja na watalii waliokuwa likizoni pale.

Hoteli ile leo haipo. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikabomolewa, na tangu hapo ahadi ya kuijenga upya imekuja na kuondoka na kila serikali. Toleo hili la utalii naliwekea Galawa mlangoni kwa sababu jina hilo limerudi tena katika mipango ya serikali ya Komoro mjini Moroni, na kwa sababu naamini Wakomoro hawajaambiwa vya kutosha kwa nini lilianguka mara ya kwanza.

Fedha za Galawa zilitoka Afrika Kusini ya makaburu. Zama hizo Gadi ya Rais mjini Moroni ilikuwa mikononi mwa mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, na aliyekuwa akiigharamia ni Pretoria. Nchi iliyofungiwa milango na dunia ilihitaji kisiwa cha kuifungulia mlango, na watalii wake wakaja kwa njia hiyohiyo. Rais Ahmed Abdallah aliuawa Novemba 1989, Denard akaondoshwa mwezi uliofuata, na kufikia 1994 Afrika Kusini yenyewe ilikuwa imebadilika. Mtu wa Johannesburg akawa na dunia nzima ya kuchagua pa kwenda kupumzika. Hoteli iliyosimama juu ya shida ya watu wengine haikuwa na mizizi Mitsamiouli, na shida ile ilipokwisha, nayo ikadhoofu.

Disemba 2019, jijini Paris, serikali ya Rais Azali Assoumani iliwakutanisha wafadhili na kuwawekea mezani mpango wa taifa unaolenga mwaka 2030. Ahadi zilizotolewa zilikuwa za takriban euro bilioni 4, na utalii umetajwa kuwa moja ya nguzo za mpango huo. Mimi si mpinzani wa utalii Komoro. Nchi yenye watu wasiofika milioni moja, inayoishi kwa karafuu, vanila, mlangilangi na fedha zitumwazo na ndugu walio Ufaransa, ina haki ya kutafuta riziki nyingine. Ninachopinga ni mahali mpango unapoanzia. Unaanzia kwenye vyumba: vingapi vijengwe, vya nyota ngapi, na mwekezaji gani wa nje apewe ufuo upi. Vyumba Komoro vipo tayari. Kinachokosekana ni njia ya kuvifikia, maji ya kuogea ukishafika, na mchanga wa kukanyaga ukitoka nje.

Tazama Ngazija mwezi wa Julai na Agosti. Ndege zinazotua uwanja wa Hahaya hujaa Wakomoro wa Marseille na Paris wanaorudi kwa ajili ya ada, ile harusi kubwa ambayo mtu asipoifanya huhesabiwa bado mtoto katika baraza la mji. Wenyeji huwaita je viens, kwa Kifaransa “naja”. Hao wanakula, wanapanda teksi, wanashona kanzu na majoho, wanamlipa mpiga ngoma na mchinjaji. Ni wageni wa kweli wenye fedha za kweli, na hurudi bila kupelekewa tangazo la biashara. Lakini wanapokutana wapanga mipango ya utalii, hao huonekana ni jamaa tu waliokuja kusalimia.

Tarehe 30 Juni 2009, ndege iliyokuwa ikiwaleta kupitia Sanaa, Yemen, ilianguka baharini karibu na Ngazija. Walikufa watu 152, akapona msichana mmoja. Kwa miaka mingi kabla ya usiku ule, abiria wa Marseille walikuwa wakilalamikia hali ya safari hizo. Serikali ingeanza kuhesabu kilio cha abiria wake kuwa ni suala la utalii, nusu ya kazi ingekuwa imefanywa kabla mtalii wa kwanza wa kigeni hajakata tiketi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulielewa upesi kuliko mshauri anayetoka mbali. Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia kwa mke, na ardhi ya manyahuli hushikwa na ukoo wa upande wa mama, hairuhusiwi kukatwakatwa na kuuzwa ovyo. Mtu aliye ughaibuni hufanya kazi miaka ishirini ili nyumba ya dada yake au ya binti yake isimame, ghorofa kwa ghorofa. Nyingi hukamilika, zikapambwa, zikafungwa, zikausubiri msimu wa harusi. Hivyo ndivyo vyumba nisemavyo. Mkopo mdogo wa tangi la maji, choo kizuri, chandarua na taa ya jua ungemwezesha mwenye nyumba kupokea wageni miezi mingine ya mwaka bila kuuza hata hatua moja ya ardhi ya bibi yake. Mwekezaji mkubwa huona kikwazo katika manyahuli. Mimi naona ndiyo kinga ambayo vijiji vyetu vya Unguja havikuwa nayo wakati fukwe zilipokuwa zikigawiwa.

Na Unguja naitaja kwa uchungu. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 kuhusu Kiwengwa, Nungwi na Jambiani ulikuta kwamba chumba kimoja cha hoteli hutumia kwa siku maji zaidi ya mara 15 ya yale yanayotumiwa na nyumba nzima ya mwanakijiji. Unguja ina mvua, chemchemi na mapango ya maji. Ngazija, kisiwa cha volkano chenye Mlima Karthala wa mita 2,361, haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua ikinyesha huzama kwenye mawe. Watu wanaishi kwa birika la mvua, na visima vya pwani vingi vina chumvi. Kabla ya kuuliza hoteli ya Galawa itakuwa na vyumba vingapi, iulizwe itakunywa nini, na Mitsamiouli itabaki na nini ya kunywa.

Mchanga nao unakwisha. Nyumba hizohizo za harusi, zinazojengwa kwa jasho la Marseille, zimekula fukwe za Ngazija na za kisiwa jirani cha Nzuani gunia kwa gunia. Sheria inakataza, lakini kijana asiye na kazi ataendelea kuchota maadamu mchanga wa kusaga mawe ya volkano ni ghali kuliko ule wa bure. Kuutoa mchanga huo wa kiwandani kwa bei ya chini kungefaa utalii kuliko vipeperushi vyote vya maonyesho ya Ulaya. Katika mpango wa utalii ningeuweka ukurasa wa kwanza.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Bila hoteli kubwa, mashirika ya ndege hayana sababu ya kuongeza safari, na bila safari, nyumba za kulala wageni zitabaki tupu. Ni kweli kwamba ndege hufuata vitanda. Lakini Galawa ya kwanza ilikuwa na vitanda na ilikuwa na ndege, na vyote viwili viliondoka pamoja. Vilivyobaki ni vile vilivyokuwa vya watu.

Waliokaa na kitu chao ni watu wa Mwali. Hicho ni kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya nchi, chenye takriban watu 50,000. Huko Itsamia kasa wa kijani hupanda ufuoni usiku kutaga, maelfu kwa mwaka, na wanakijiji wenyewe waliamua kuwalinda dhidi ya majangili wa nyama. Mwaka 2001 ikaanzishwa hapo hifadhi ya kwanza ya taifa la Komoro, ya bahari, kwa makubaliano na vijiji. Baadaye ikapanuliwa hadi msituni, na mwaka 2020 UNESCO ikaitambua Mwali kuwa hifadhi ya baiolojia na binadamu. Mgeni anayelala Itsamia hulala kwa wenyeji, akaongozwa usiku na kijana aliyekulia hapo.

Tatizo ni kufika. Bahari kati ya Ngazija na Mwali huvukwa kwa boti ndogo zinazojazwa kupita kiasi, au kwa ndege ndogo zisizo na uhakika. Tarehe 26 Februari 2022 mojawapo ya ndege hizo, ikiwa na watu 14, ilianguka baharini ilipokaribia Mwali. Safari hiyo haikuwa ya watalii. Ilikuwa ya watu waendao kwao.

Zanzibar haiwezi kulitazama hili kwa mbali. Sayyid Ahmed bin Sumeit, kadhi wetu aliyesomesha nusu ya wanazuoni wa pwani, alizaliwa Itsandra, Ngazija, na alikuja huku kwa bahari hiyohiyo. Mwaka 2027 Komoro itakuwa mwenyeji wa Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, na Moroni inakimbizana na viwanja na vyumba. Makala za toleo hili zinadai kingine: meli moja nzuri yenye ratiba isiyovunjwa, inayokaguliwa na yenye nauli ambayo mvuvi anaiweza. Mgeni aliyetua Hahaya asubuhi alale Itsamia siku hiyohiyo, na mama wa Itsamia mwenye mtoto mgonjwa alale Moroni karibu na daktari siku hiyohiyo, kwa chombo kilekile.