Usiisingizie Theluji

Kila Desemba inayopita bila theluji, simu yangu hujaa lawama. Jamaa ninaowinda nao hapa Minnesota huomboleza kama waliofiwa: ardhi imekauka, koyote hawaji, msimu umeharibika. Wengine hufungia bunduki kabatini kungoja mbingu ziwahurumie. Mimi nasema waziwazi: theluji haijawanyima koyote. Theluji ilikuwa ikiwafichia uzembe wao, na sasa imewaacha wazi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kumwona, koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa. Ni mkubwa kuliko mbweha wa kwetu na mdogo kuliko mbwa mwitu wa kijivu, na manyoya yake yana rangi ya nyasi zilizokufa. Huyu humfuati, unamwita. Unajificha, unapuliza filimbi inayolia kama sungura aliyeumia, naye anakuja akidhani kuna mlo. Basi mwindaji wa koyote kazi yake ya kwanza ni sauti. Bunduki inafuata baadaye sana, na mara nyingine haifuati kabisa.

Theluji hufanya nusu ya kazi hiyo bila kudai shukrani. Hutandika shuka jeupe, mnyama wa kijivu akaonekana kutoka mbali. Huandika nyayo, ukajua nani amepita na ameelekea wapi. Ikiwa nzito huwafunika panya, koyote akabaki na njaa, na mwenye njaa haulizi maswali mengi anaposikia kilio. Ukiwinda hivyo miaka kumi utajiona fundi. Kumbe ulikuwa mgeni unayelishwa tonge mdomoni.

Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa namna hiyo. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalivunja rekodi ya joto Marekani, na siku chache kabla ya Krismasi mashamba ya magharibi ya Minnesota yalikuwa mabua matupu ya mahindi. Tulikwenda wanne. Tuliegesha pikapu juu ya mwinuko, tukabamiza milango, tukakatiza shamba huku tukicheka. Kwa mazoea tulikuwa tumevaa suti nyeupe. Katikati ya ardhi ile ya kahawia tulionekana kama mashuka yaliyoanikwa. Rimoti ya spika nilikuwa nayo mimi. Niliifungulia sauti hadi mwisho, upepo ukitupiga mgongoni na kupeleka harufu yetu kulekule tulikotaka mnyama atokee. Baada ya dakika kumi tukanyanyuka kwenda kujaribu kwingine. Tulirudia ujinga huo mara tatu.

Mara ya nne jua lilikuwa linazama. Kitu cha rangi ya nyasi kikatoka kwenye korongo, mbiombio, moja kwa moja kuelekea spika. Mwenzangu alikuwa ameshainua bunduki. Alimtazama mnyama kupitia darubini ya bunduki yenyewe, maana yake mtutu ulikwisha kumwelekea kiumbe asiyemjua.

"Kaka, ngoja," nilisema.

Hakungoja. Risasi ikatimua vumbi mbele ya mnyama. Alipogeuka kukimbia tukaona mkanda wa rangi ya chungwa shingoni. Kisha tukasikia sauti ya mwanamke kutoka nyumba iliyokuwa nyuma ya miti, akimwita mbwa wake kwa jina. Aliita mara tatu. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ulimi wa kumjibu.

Juu ya theluji, labda ule mkanda tungeuona mapema. Ndivyo wenzangu walivyojitetea tukiwa njiani kurudi, na ndipo nilipoanza kuuchukia utetezi huo. Mbwa yule hakuponea chupuchupu kwa sababu ardhi ilikuwa tupu. Sisi tuliita bila kuwa tayari kumjua atakayeitika.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ardhi isiyo na theluji inakudai uiname, na masharti yake si siri. Anza na upepo. Wavuvi wa kwetu pwani wana neno joshini, yaani upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Koyote anayaishi maneno hayo bila kuyajua. Akisikia kilio, mara nyingi hazami moja kwa moja. Huzunguka hadi demani ili pua ithibitishe kile sikio lilichoambiwa. Basi kaa mahali ambapo upande wa demani uko wazi mbele ya macho yako, na uuchunge kuliko upande mwingine wowote. Egesha gari mbali, nyuma ya mwinuko. Pita mabondeni, usipite kileleni. Ingia alfajiri kabla jua halijakausha majani, kwa sababu majani makavu yanakusema. Vaa rangi ya mahali ulipo. Kaa kivulini, jua likiwa nyuma yako. Anza kwa sauti ya chini, maana huenda aliye karibu yuko hatua mia tu. Lia kidogo, nyamaza sana. Asiye na njaa hana haraka, kwa hiyo mpe nusu saa. Na darubini ya kutazamia iwe shingoni mwako. Ile ya bunduki ni ya kulengea.

Najua mtanijibu nini. Kwanza mtaniambia ninunue spika kubwa zaidi na darubini inayoona joto la mwili usiku. Kifaa hakina kosa, lakini doa jeupe kwenye kioo halikuambii kama ni koyote au mbwa wa jirani. Aliyeshindwa kungoja mchana hatajifunza kungoja kwa sababu amelipa dola elfu mbili.

Pili mtasema koyote wamezidi, lazima wapunguzwe, na anayepunguza hana muda wa adabu zangu. Thomas Say alipomwandika mnyama huyu katika vitabu vya sayansi mwaka 1823, alikuwa mkazi wa nyika za magharibi na kati. Tangu hapo amewekewa sumu, ametegewa mitego, amepigwa risasi kutoka angani. Hadi leo idara ya serikali ya Marekani huua makumi ya maelfu kila mwaka. Matokeo yake? Yuko katika majimbo yote 48 ya bara na Alaska pia, na mitaa ya Chicago ameifanya kwao. Ukivunja familia yao, waliobaki huweza kuzaa watoto wengi zaidi, na wageni huja kujaza nafasi. Mkulima anayepoteza wana-kondoo ana haki ya kumwondoa koyote anayewala. Lakini huyo ni mmoja mahususi, na wa kumjua, si yeyote aliyejipitisha. Mashindano ya kurundika mizoga kwa zawadi hayamsaidii mkulima huyo. Vermont iliyapiga marufuku mwaka 2018, New Mexico mwaka 2019. Ni aibu kwamba wawindaji tulingoja sheria ituambie.

Na nyinyi msiowinda, mtakaosema kuita kwa kilio ni udanganyifu mtupu: ndiyo. Sikatai. Namwita kwa uongo. Ndiyo maana nina deni kwake. Nikishamdanganya hadi akafika, siwezi tena kubahatisha yeye ni nani, amesimama wapi, na nyuma yake kuna nini.

Februari 2024, ardhi ikiwa bado ya kahawia, nilirudi na mzee mwenye shamba. Yeye alibeba bunduki, mimi filimbi ya mbao. Tulikaa tukiegemea ua wa zamani, demani ikiwa wazi mbele yetu. Dakika ya ishirini na mbili koyote alijitokeza palepale pembeni, pua juu. Nilimtazama kwa darubini hadi nikaona masharubu. Mzee hakufyatua. Ardhi ilikuwa imeganda kama saruji, risasi ingeweza kudunda, na nyuma ya mnyama kulikuwa na barabara. Koyote akapata harufu yetu, akageuka, akaenda zake.

"Umeita vizuri," mzee alisema, akaanza kukusanya vitu vyake.

Msimu ujao theluji isipoanguka, usinipigie simu kulalamika. Nipigie uniambie upepo unatoka wapi.