Risala ya Wanawake wa Rumangabo kuhusu Mazoezi na Michezo

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Teritwari ya Rutshuru. Mheshimiwa Mwami wa Bwisha. Wakubwa wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga mlioko hapa Rumangabo. Pamoja na wakuu wa afya na elimu.

Waheshimiwa,

 Sisi mama na mabinti wa Rumangabo, tangu vita viliporudi mwaka 2022, tumevumilia mengi: kukimbia, kulala chini ya turubai katika kambi ya Kanyaruchinya, kisha kurudi kwenye mashamba yaliyogeuka pori. Leo tunaleta jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni afya ya miili hii inayobeba kijiji.

1. Kila tukitaja mazoezi tunajibiwa kwamba mkulima hana haja nayo, jembe linamtosha. Waheshimiwa, mtazameni mama anayetoka kuchota maji: bidoni ya litra 20 kichwani, mtoto mgongoni, shingo imekaza hata akiitwa hawezi kugeuka. Udongo wetu wa volkano hunywa mvua yote, kwa hiyo maji tunayafuata mbali. Akifika nyumbani anashika jembe, kisha chungu, na usiku halali kwa maumivu ya kiuno. Wapo walioshuka kizazi kwa kurudia mizigo siku chache tu baada ya kujifungua. Huko ni kuchakaa. Mazoezi ni kitu kingine. Tunaomba mabomba ya maji yasogezwe karibu na makazi, na mama aliyejifungua asiitwe kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, mpaka muuguzi aseme amepona.

2. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, na wajawazito wasio na tatizo nao wamo. Huku kwetu hakuna aliyetufundisha hata namna ya kunyoosha mgongo. Mwenye presha au sukari hupewa vidonge, vikiwepo, na kurudishwa nyumbani. Tunaomba siku ya kupima watoto, tunapokuwa tumekusanyika tayari, muuguzi atufundishe mazoezi ya mgongo na nyonga. Wenye fistula wasaidiwe nauli ya kufika Goma kwa matibabu.

3. Kiwanja cha mpira kila jioni ni cha vijana wa kiume. Binti anacheza mpaka afikishe miaka kumi na miwili hivi, halafu anaambiwa amekua, akasaidie jikoni. Lakini mwaka 2024 wanawake wa timu ya TP Mazembe ya Lubumbashi walitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika, na mabinti zetu walisikia habari hiyo. Nao wana miguu kama ya wachezaji wale. Tunaomba jioni mbili kwa juma ziwe za wanawake na wasichana, mipira ipatikane, na mwanamke mmoja wa hapa apelekwe kusomea ukocha. Kabla ya yote, wataalamu wapekue kiwanja na kando zake, wasije watoto wakakanyaga mabaki ya mabomu.

4. Tunaogopa njia. Mwanamke anayekwenda kutafuta kuni au kutembea alfajiri hajui atakutana na nani, na yaliyowapata wenzetu mnayafahamu. Tunaomba ulinzi kwenye njia za maji na kuni, na wakubwa wa Hifadhi wapanue upandaji wa miti ya makaa karibu na vijiji, ili msitu usiwe tegemeo letu.

5. Mama akivaa suruali ya michezo badala ya kikwembe hutukanwa. Tunamwomba Mwami atangaze kwamba hilo si kosa, na makanisa yasaidie kulieleza.

Waheshimiwa, kazi ya kusawazisha kiwanja tutaifanya wenyewe, majembe tunayo. Tunaomba majibu yatolewe katika mkutano wa kijiji, mchana, sisi tukiwepo.

Kwa heshima na utii,
Mama na Mabinti wa Rumangabo