Mpimeni dereva wa basi la shule gari likiwa limesimama

Leseni yangu ni ya daraja D. Ndiyo hiyo hiyo anayotakiwa kuwa nayo dereva anayepeleka watu wazima Huye au Musanze, na ndiyo inayoniruhusu kubeba watoto wa miaka mitatu, minne, mitano, kila asubuhi ya shule, kutoka kwenye mageti ya Nyarutarama, hapa Kigali. Nilipimwa kama naweza kuendesha basi. Kama naweza kutunza watoto waliomo ndani ya basi, mtahini hakuuliza. Wala hakuuliza mwajiri wangu wa kwanza katika kazi hii, ambaye aliitazama leseni, akanizungusha mtaa mmoja na Coaster tupu, akanikabidhi funguo. Kesho yake nilikuwa na watoto nyuma yangu.

Kabla ya hapo niliendesha malori ya Dar es Salaam na Kigali. Ukivuka Rusumo unaacha kushika kushoto, unashika kulia, na macho yako yote inabidi yabadilike pamoja na barabara. Kwa hiyo siudharau ufundi wa usukani. Ujana wangu umeishia hapo. Lakini mzigo wa lori ukishafungwa turubai unatulia mpaka unaposhushwa. Watoto hawatulii, na katika kazi hii nimejifunza kwamba hatari inayowanyemelea kila siku haiko kwenye mwendo kasi. Iko pale gari linaposimama.

Chukua geti moja tu la hapa kwetu, kwenye mtaa unaoteremka kuelekea uwanja wa gofu. Nasimama, navuta breki ya mkono, naacha gia ndani kwa sababu ni mteremko. Mlango wetu uko kulia, mtoto anashukia upande wa ukuta. Kama kwao ni ng'ambo ya barabara, atavuka, na atapita mbele ya gari, karibu kabisa na bampa, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Kimo chake ni kama mita moja. Nikikaa wima kwenye kiti changu simwoni. Wakati huo huo upande wangu wa kushoto motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, amechoka kusubiri, anapita. Mimi napaswa kujua wameshuka wangapi, wangapi nimewaona wakiingia getini kwa macho yangu, na nani amewapokea. Ni mlinzi wa geti? Ni yaya? Au ni kijana ambaye sijawahi kumwona, anayeniambia kwamba yeye ni mjomba? Na nyuma yangu kuna gari la mzazi mwingine linapiga honi kwa sababu yuko mbioni kwenda kazini.

Hayo hayamo katika mtihani wowote wa udereva niliowahi kuufanya. Kituo cha Busanza, kilichoanza kazi mwaka 2024, kinapima kwa kamera na kompyuta, nami nakiunga mkono kwa moyo wote, maana mtu anashinda au anashindwa kwa alichokifanya barabarani. Lakini mashine inaona kama tairi limekanyaga mstari. Kama dereva ana mazoea ya kutoondoa gari mpaka amewaona watoto wote aliowashusha, hilo haiwezi kuliona. Lazima mtu alifundishe na mtu mwingine alipime.

Liko na la mtoto kulala. Tangu Januari 2023 shule zetu zinaanza saa mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni. Mabadiliko hayo yalifanywa kwa nia njema, ili watoto wapate usingizi zaidi, lakini jioni bado wanapanda basi wakiwa wamechoka. Wadogo hulala kabla hatujafika njia kuu. Anateleza chini ya kiti, begi linamfunika, na ukitazama kwenye kioo cha ndani unaona viti vitupu. Septemba 2022, huko Al Wakrah nchini Qatar, mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kusahauliwa ndani ya basi la shule ya chekechea kwenye jua kali. Aliyefunga milango aliamini watoto wote wameshuka. Kigali haina joto la Ghuba, lakini basi lililofungwa na kuachwa juani ni hatari popote pale. Dawa yake inachukua dakika mbili: dereva anatembea mpaka kiti cha mwisho, anainama, anapitisha mkono kila kiti, matroni anayewaangalia watoto ndani ya basi anafanya vivyo hivyo akirudi, ndipo mlango unafungwa. Mimi nilifundishwa hili na matroni mmoja mwenye hekima. Kama ningepangwa na mwingine, labda nisingelijua mpaka leo. Usalama wa mtoto haupaswi kutegemea bahati ya kupangwa na nani.

Nimesema hatari ya kila siku iko kwenye kusimama. Sijasahau milima. Tarehe 9 Januari 2023 basi lililobeba wanafunzi zaidi ya 20 liliacha njia kwenye mteremko wa Rebero, wilayani Kicukiro. Wengi waliumia, na mtoto mmoja akafariki siku chache baadaye. Baada ya ajali ile Polisi walikagua mabasi ya shule, na walifanya vizuri. Sitazungumzia chanzo chake, si kazi yangu. Nitazungumzia ninachokijua kuhusu miteremko ya mji huu. Shule nyingi humpimia dereva dizeli kwa wiki, na dereva anayetaka imtoshe huweka fri akiteremka. Gari linashuka bila injini kulishika, mguu wake uko kwenye breki mwanzo hadi mwisho, breki zinachemka, na zikishachemka unakanyaga hupati kitu. Dereva wa lori hulijua hili kwa sababu atalipia kwa roho yake pale tu anapolisahau. Kijana aliyetoka kuendesha teksi ndogo ya gia otomatiki halijui, na leo anaweza kupewa Coaster yenye watoto 25 baada ya kupata daraja lake. Kuteremka kwa gia ya pili, gari likiwa limejaa, kwenye mlima wa kweli: hicho ndicho ninachotaka apimwe.

Na apimwe pia kama anaweza kukataa. Tarehe 12 Aprili 2024 mjini Arusha, asubuhi ya mvua kubwa, basi la shule lilijaribu kuvuka maji ya mafuriko, likasombwa, watoto wakafa. Mei 2017, kule Karatu, basi lililokuwa likipeleka wanafunzi wa shule ya msingi kwenye mtihani wa ujirani mwema lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Watu wa Arusha bado wanaitaja siku ile kwa sauti ya chini. Kila mara tunapozungumza juu ya misiba hii tunamzungumzia dereva peke yake, kana kwamba hapakuwa na ratiba, na mkuu wa shule anayepiga simu kuuliza mbona mmechelewa, na mzazi anayelalamika. Dereva asiye na karatasi yoyote inayompa haki ya kusema "sivuki" atavuka. Ninachokitaka ni cheti maalumu cha dereva wa basi la shule; kitaje haki hiyo, na shule ikisaini.

Nchi zetu hazijakaa kimya, lazima niseme ukweli. Rwanda iliweka vidhibiti mwendo kwenye magari ya abiria tangu 2015, kilomita 60 kwa saa. Kenya iliamuru mabasi ya shule yapakwe rangi ya njano. Lakini angalia, hizo ni sheria za gari. Kidhibiti mwendo hakinisaidii nikiwa nimesimama getini, wala nikiteremka kwa kilomita 25 breki zikiwa zimechemka. Marekani dereva hupata kwanza leseni ya magari makubwa, halafu idhini ya kubeba abiria, na juu yake idhini ya pili, ya basi la shule peke yake, inayompima namna ya kupakia na kushusha watoto na kuwatoa kwa mlango wa dharura. Tunaweza kufanya hivyo kwa kipimo chetu.

Najua shule zitasema gharama. Kwa shule zinazowahudumia watu wa Nyarutarama sikubaliani kabisa. Wazazi wanaolipia bwawa la kuogelea wanaweza kulipia mafunzo ya wiki moja ya dereva. Kwa shule ndogo za Kabeza au Kimironko hoja hiyo ina uzito, na hapo naomba serikali ibebe. Wasiwasi wangu mkubwa zaidi ni mshahara. Kazi hii inakuamsha kabla ya alfajiri, inakuacha katikati ya mchana bila kitu, inakuita tena jioni, na wengi wetu tunajaza ule mchana kwa kuendesha gari la mtu mwingine. Dereva anayewapokea watoto saa kumi na moja huenda ameshika usukani siku nzima. Cheti bila mshahara wa kumtosha mtu kupumzika mchana hakitafika mbali.

Wazazi wa mtaa huu nawaheshimu, na mimi nina wajukuu. Wanauliza shule kuhusu mtaala, kuhusu Kifaransa na Kiingereza, kuhusu chakula. Waulize pia: dereva wa mtoto wangu ni nani, alifundishwa nini mbali na leseni, mara ya mwisho alipimwa macho lini, nani anamsaidia ndani ya basi.

Mwaka wa masomo huanza Septemba, na mwezi mzima wa Agosti mabasi yetu huwa yameegeshwa. Wizara ya Elimu na Polisi wana wakufunzi, wana kituo cha ukaguzi wa magari Remera, na milima ipo. Madereva tupo pia, tuitwe.